Kwa Baiskeli Hadi Harusi ya Ujiji

Pale soko la Jabe, Bujumbura, kwenye meza za samaki, Fatouma alikuwa ameshazoea kuchekwa. Mwanamke anayeingia sokoni kila asubuhi na baiskeli, kapu la samaki wa mukeke nyuma, kitenge amekibana juu ya suruali, hawezi kukosa wa kumcheka. Lakini siku aliyosema anakwenda Tanzania na baiskeli hiyo hiyo, tena na mume na watoto wawili, hakuna aliyecheka. Epiphanie, jirani yake wa meza, aliacha kisu ndani ya samaki.

"We Fatou, uko mugonjwa?"

"Apana. Niko muzima kabisa."

"Na mutoto wa miaka ine?"

"Na mutoto wa miaka ine. Atakaa mbele, kwa baba yake. Rachid anamutengenezea kiti."

Epiphanie alimjua Rachid, mume huyo, fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi, mtu ambaye hata mkate wa duka la jirani alikwenda kuununua kwa pikipiki ya rafiki. Alimtazama Fatouma kwa huruma, kisha akarudi kwa samaki wake na kusema kwamba Mungu naye ana kazi.

Tuseme ukweli, wazimu haukuwemo katika jambo hilo. Petroli ilikuwa imeadimika mjini. Magari ya abiria ya kwenda kusini yalikuwa yanalala kwenye foleni za mafuta, madereva wamelala chini yake, na kupata nafasi moja ilikuwa bahati. Nafasi nne usiseme. Na huko Ujiji mdogo wake Fatouma, Zulfa, alikuwa anaolewa.

Zulfa huyo si mdogo wa hivi hivi. Mama yao alifariki Zulfa akiwa bado anatambaa, na Fatouma, msichana wa shule, ndiye aliyembeba mgongoni, akamwogesha, akamfundisha kutembea katika vichochoro vya Buyenzi. Baadaye sana, baba yao alipoamua kurudi Ujiji kwenye nyumba ya wazee wake, Zulfa akaenda naye. Siku ya kuagana alimng'ang'ania dada yake asitake kumwachia. Fatouma akamwambia, "Siku watakapokuja kukuuliza kama umekubali mume, mi nitakuwa nimekushika mukono." Ni ahadi ya machozi, zile watu wanazozitoa halafu wanazisahau. Fatouma hakuisahau.

Shida ilikuwa baba. Mzee Nassoro alikuwa fundi wa baiskeli Buyenzi tangu zamani, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, ugonjwa wa saa. Saa yake ya mkononi ya kutia ufunguo aliisawazisha na redio kila asubuhi kabla ya chai. Hakungoja mtu. Ukimwambia utachukua baiskeli yako saa nane ukaja saa tisa, unakuta duka limefungwa, naye yumo humo humo ndani anakunywa chai, anakusikia unavyobisha. Siku Rachid alipokuja kumwoa Fatouma, gari la bwana harusi liliharibika njiani, jambo la aibu kwa fundi wa magari, wakafika wamechelewa. Mzee aliwaacha nje kwenye benchi, na kanzu zao na jua la Bujumbura, mpaka sala nyingine ikaingia na watu wakatoka msikitini. Ndipo akafungua mlango. Mpaka leo Rachid akipita pale, benchi lile analitazama vibaya.

Ni mzee huyo huyo aliyemfundisha Fatouma kuendesha baiskeli. Msichana alikuwa hafiki kwenye tandiko, akapitisha mguu ndani ya fremu, mwili wote umepinda, na mzee anakimbia nyuma ameshika kiti, anamwambia, "Tazama mbele. Usitazame gurudumu." Zilikuwa siku za raha. Halafu Fatouma akavunja ungo, na kesho yake mzee akaitundika baiskeli ile kwenye misumari ya ukutani. Hakugomba. Alisema tu, "Imetosha." Fatouma alilia kwa hasira mpaka macho yakavimba, na neno lile lilimkaa rohoni miaka na miaka.

Alipokuwa mama wa watoto, akaona wachuuzi wa Jabe wanavyopoteza asubuhi nzima kungoja gari la Ruziba, alinunua baiskeli kuukuu bila kumuuliza mtu. Kila alfajiri alitoka Buyenzi mpaka Ruziba kwa wavuvi, akarudi na kapu limejaa, na samaki wake walifika sokoni macho yao bado yanang'aa. Wanaume wa njiani walisema yao. Kuna mmoja aliyemwambia mama wa watu hafai kukanyaga pedali, akamjibu kwamba watoto wa watu wanakula kwa miguu hii, sasa yeye yake inalisha nani? Baba naye alisikia huko Ujiji. Habari za Buyenzi hufika Ujiji kabla msemaji hajafunga mdomo. Lakini mzee hakuuliza, Fatouma hakusema, na kwenye simu waliishia kwenye salamu na afya.

Kwa hiyo alipompigia kumwambia habari ya safari, alikuwa anagusa kidonda cha zamani na alijua.

"Baba, tunakuja wote ine."

"Na gari gani? Nasikia huko mafuta hakuna."

"Na baiskeli."

Huko Ujiji mzee akazima redio.

"Na watoto?"

"Na batoto."

"Ndoa ni Jumamosi, saa kumi na moja, baada ya alasiri," mzee akasema. "Unanijua, Fatouma. Mi singoji mutu."

"Usitungoje, baba. Tutakuwa tumeshafika."

Aliiweka simu chini, miguu inamwasha kwa hamu ya kuondoka. Hofu ilikuwepo, kidogo. Lakini zaidi ya hofu alikuwa anaijua miguu yake.

Rachid alikesha na kile kiti. Alikwenda kwenye gari bovu la gereji, akakata kipande cha siti ya nyuma pamoja na mkanda wake, akakichomelea vyuma mbele ya tandiko la baiskeli aliyoazima, akaweka na kibati ili mguu wa mtoto usiingie kwenye spoku. Kazi ilitoka safi, lazima tumpe haki yake. Ramazani, yule wa miaka minne, alipokikalia akadai honi. Akafungiwa honi, na majirani wa mtaa mzima wakajuta. Hidaya, dada yake wa miaka saba, yeye alipewa nafasi nyuma ya mama, juu ya mto, na kazi ya kulinda mfuko wa nguo za harusi.

Walitoka Jumatano alfajiri. Ruziba wavuvi walimwona Fatouma anakuja kama kawaida yake, wakaanza kumwita kwenye mitumbwi, kisha wakaona mume nyuma.

"Leo umeleta na familia kuchagua?" mmoja akauliza.

"Leo sinunui. Tunakwenda harusini Ujiji."

Yule mvuvi alifikiri ni utani, akawapa samaki wa kuchoma njiani. Alipoona hawageuki kurudi mjini, akabaki amesimama na kamba mkononi.

Barabara ya ziwa ni tambarare, upepo mzuri, na Fatouma aliikanyaga kwa furaha isiyofichika. Kila alipogeuka alimwona Rachid nyuma na Ramazani anapiga honi kumsalimia kila mbuzi. Lakini kutoka Kabezi Rachid aliacha kuongea. Kufika Magara alikuwa anakalia upande mmoja wa tandiko, halafu upande wa pili.

"Mama Hidaya," akasema hatimaye, "tandiko hili linanichukia."

"Ulitengeneza la mutoto, la kwako ukasahau."

"Ningekuwa na gari bovu lingine..."

"Kanyaga, baba Hidaya. Rumonge hii hapa."

Rumonge haikuwa hapo. Ilikuwa mbali bado, na walifika Rachid anatembea kama mtu aliyetoka hospitali. Usiku walilala kwa Melchior, mbebaji wa mafuta ya mawese ambaye walikutana naye njiani, baiskeli yake imezungukwa na madumu ya njano. Mke wa Melchior alimwangalia Fatouma akifungua kitenge juu ya suruali, akauliza kama kweli ni yeye aliyeendesha. Kisha akamwomba asubuhi amfundishe. Melchior akasema hapana, mke akasema hakumuuliza yeye.

Asubuhi Melchior aliwaeleza namna wabebaji wanavyopanda milima ya Mabanda. Hawasukumi kila mtu ya kwake wakachoka wote. Wawili wanashika baiskeli moja, mmoja kwenye usukani na mmoja nyuma, wanaipandisha mpaka kwenye kona, wanaiacha na mtu, wanarudi kuchukua ya pili. Wengine hushikilia malori, alisema, lakini na watoto wasijaribu. Fatouma alisema hata bila watoto hashiki lori la mtu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Nyanza-Lac. Huko watoto wa barabarani walimpa Ramazani matunda ya mchikichi, naye akayala kama yameandikiwa jina lake. Usiku tumbo likafunguka. Asubuhi ya Ijumaa mtoto alikuwa amelegea, honi hataki hata kuiona. Walikaa wakimnywesha maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, jua linapanda, na Fatouma anatembea kutoka mlangoni kwenda barabarani na kurudi.

"Nenda peke yako," Rachid alimwambia. "Bila sisi unafika kesho asubuhi. Sisi tutakungoja hapa."

Lilikuwa neno la mapenzi, na Fatouma alilipokea hivyo. Alikaa chini, akamweka Ramazani mapajani. Alifikiri juu ya Zulfa katika chumba kile, amefunikwa ushungi, anasikiliza mlangoni. Alifikiri pia juu ya baba. Kwenye simu alikuwa amesema tutafika ine.

"Apana," akasema. "Huyu atapona saa sita, na tutaondoka. Tunafika ine."

Ramazani alipona karibu na wakati huo, akaomba uji, kisha akaomba honi. Wakaondoka. Mlima wa Mabanda waliupanda kama walivyofundishwa, baiskeli moja mpaka kwenye kona, Hidaya anabaki kuilinda na mdogo wake, baba na mama wanarudi kuchukua ya pili. Ulikuwa mlima mbaya. Viganja vya Fatouma vilitoka malengelenge. Giza lilipoingia walikuwa karibu na mpaka, wamechoka hata kula ni kazi, lakini mlima ulikuwa nyuma yao. Kuanzia hapo, kila mtu aliwaambia, mpaka Kigoma ni kuteremka zaidi kuliko kupanda.

Jumamosi asubuhi wakavuka. Upande wa Tanzania, katika ofisi ya mpaka, kulikuwa na saa kubwa ukutani. Fatouma akaitazama, akatazama ile ya Rachid mkononi, akaona ya ukutani imekimbia mbele saa nzima.

"Saa za ofisi," akamnong'oneza mumewe. "Zinakwenda zinavyotaka."

Rachid akacheka, wakachukua hati zao, wakatoka.

Sasa wewe unayejua, nyamaza kidogo. Kila mtu Buyenzi anajua kwamba Tanzania saa zao zinatangulia zetu kwa saa moja. Fatouma alijua. Rachid alijua, maana mpira wa Tanzania anauangalia kila wiki na hesabu hiyo anaifanya. Lakini mtu anayajua mengi akiwa amekaa kwake amekunywa chai. Ukishasukuma baiskeli mbili mlimani na mtoto ametoka kuharisha, kichwani hubaki barabara tu. Na simu yao ya tochi haikuwa ya kujibadilisha saa wala kumkumbusha mtu chochote.

Waliteremka kwa raha ambayo Fatouma hajapata kuiona tangu utoto wake. Upepo masikioni, Hidaya anaimba mgongoni, migomba inapita. Muda upo, alisema Fatouma, na kwa kuwa muda upo walisimama kwenye kijito, wakawaogesha watoto, wakawavika nguo za harusi. Muda upo, wakala mihogo na ndagala, dagaa wa ziwani, bila haraka. Muda upo, Rachid akapumzisha tandiko lake chini ya migomba. Mama wa watu alijiona amemaliza kazi. Alishaanza hata kuyapanga maneno atakayomwambia baba yake, maneno ya adabu, lakini yenye miiba kidogo.

Wakaingia Ujiji. Kwenye njia panda kulikuwa na mchoma mahindi, na Fatouma akasimama kwake kuuliza njia, na tuseme ukweli, kujisifu pia.

"Kaka, saa kumi na moja haijafika, siyo?"

"Saa kumi na moja?" Mchoma mahindi akageuza hindi lake. "Dada, inakaribia saa kumi na mbili. Magharibi hiyo inakuja." Kisha akaziona baiskeli, akakiona kile kiti cha gari. "Mnatoka Burundi? Huku tuko mbele yenu saa moja."

Rachid alijipiga kofi kwenye paji la uso. Fatouma alisimama ameshika breki, akaitazama ile miguu aliyokuwa anaijua. Zulfa alikuwa ameshaulizwa. Alikuwa ameshajibu, peke yake, na mkono wake haukushikwa na mtu. Na wao wakati huo walikuwa wamekaa kwenye kijito wanasugua shingo za watoto. Hakulia mlimani, hakulia Nyanza-Lac, alilia hapo, mbele ya mchoma mahindi, bila kujificha.

"Mama, tumechelewa?" Hidaya akauliza.

"Tumechelewa."

"Twende tu," Rachid akasema. Alikuwa analikumbuka benchi lake. "Atatuacha nje, tutakaa nje. Mi nimeshazoea."

Fatouma akajifuta kwa ncha ya kitenge na kukanyaga. Kama ni kukemewa, akakemewe. Kama ni kuambiwa imetosha, safari hii alikuwa na la kujibu.

Nyumba ya Mzee Nassoro waliijua kwa mikeka. Uwanja ulikuwa umejaa watu wamekaa, na jambo la ajabu, hakuna aliyekuwa anakula. Bwana harusi yumo kwenye kanzu anajipangusa jasho. Jamaa zake wamekaa kwenye benchi wamenuna. Sheikh alikuwa amesimama. Na mlangoni, kwenye kiti chake, miguu imeziba njia ya kuingilia, alikaa mzee mwenyewe.

Baiskeli mbili zilipoingia uwanjani watu wote waligeuka. Ramazani akapiga honi.

Mzee hakuinuka. Alimtazama binti yake, vumbi kichwani mpaka miguuni, akawatazama watoto waliovaa safi, kisha akainua mkono na kuisoma saa yake polepole.

"Saa kumi na moja kasoro," akasema. "Wamewahi. Sheikh, tuanze."

"Mzee Nassoro," sheikh akasema kwa sauti ya mtu aliyelisema jambo hilo mara nyingi, "saa yako imekosea. Watu wote hapa wana simu, watazame. Tangu nikujue saa yako haijawahi kukosea, leo imepatwa na nini?"

"Haikukosea. Ni saa ya Bujumbura. Mi nimetoka Bujumbura."

Benchi la wakwe likaguna. Mzee alikuwa ameshainuka na kuachia mlango.

Chumbani Zulfa alikuwa amefunikwa ushungi, na alipomsikia dada yake aliufunua wote kinyume cha taratibu.

"Nilimwambia baba waanze," akanong'ona. "Wote walimwambia. Anasema tu bado mapema."

Fatouma akakaa naye kitandani na vumbi lake lote, na shangazi mmoja aliyetaka kusema kitu juu ya mashuka akaona ni heri anyamaze. Baba akaingia na mashahidi wawili. Akamtaja Zulfa kwa jina lake na la baba, akamtaja mume, akauliza kama inavyoulizwa. Zulfa aliubana mkono wa dada yake, juu ya malengelenge yaliyopasuka, kwa nguvu zake zote. Fatouma hakuuondoa.

"Nimekubali," Zulfa akasema.

Ndoa ilipofungwa na sinia za wali kuanza kutoka, Fatouma alimwona baba yake ameiendea baiskeli iliyoegeshwa ukutani. Akamfuata. Mzee aliinua gurudumu la nyuma, akazungusha pedali kwa mkono, akainamisha sikio.

"Munyororo umelegea," akasema. "Umeendesha hivi kutoka Bujumbura?"

"Kutoka Bujumbura. Na Ruziba kila siku, baba. Kila siku."

Alisubiri. Neno lile, imetosha, alikuwa amelibeba tangu usichana wake na majibu yake alikuwa nayo tayari mdomoni. Mzee alizungusha pedali tena.

"Kesho nitaukaza," akasema. "Una safari ya kurudi."

Adhana ya magharibi ikaanza. Mzee akaiachia baiskeli, akainua mkono wake, akavuta kitufe cha pembeni cha saa na kuizungusha mbele duara moja zima, hapo hapo mbele ya watu, bila kujificha.

"Babu, unafanya nini?" Hidaya akauliza.

"Naiweka sawa," mzee akasema, akaenda kutawadha.

Rachid alikuwa amesimama na sahani ya wali, ameyaona yote.

"Siku yangu mi hakuirudisha nyuma hata dakika moja," akasema. Fatouma alikuwa analia tena.